UZI: Namba ya FBP mnayomhukumia nayo mgonjwa wa kansa ya mapafu, hebu tuihesabu vizuri kwanza

Mgosi wa Darubini:

Salaam wakuu, na wagosi wenzangu wa kaya popote mlipo. Uzi huu nimeuahirisha sana, leo mvua imenifungia ndani hapa Makorora, umeme upo, bando lipo, acha niumwage wote halafu mtanisahihisha.

Mimi ni mtu wa maabara. Kutwa nashika vichupa vya damu vyenye kifuniko cha zambarau, naviweka kwenye mashine, inanguruma kidogo, inatoa karatasi. Karatasi hiyo ndo FBP, picha nzima ya damu, na sidhani kama kuna mtu mzima Tanga hii hajawahi kupimwa, hata ukienda na jino utaambiwa kapime FBP. Bei yake haifiki kuku wa kienyeji. Sasa ndani ya karatasi hiyo kuna namba mbili ambazo ukizigawanya unapata kitu kinaitwa uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, kwa kifupi NLR, na hicho kitu kweli kina uhusiano na mgonjwa wa kansa ya mapafu ataishi muda gani. Uhusiano upo, siukatai. Ila namna ulivyoingia nyumbani kwetu ndo imenifanya niandike.

Mjomba wangu ni mvuvi wa pale Deep Sea, kavuta sigara toka hajaota ndevu. Mwaka juzi akaanza kukohoa. Akaenda sehemu (sitaji), makohozi hayakuonyesha kitu lakini picha ya kifua ina doa, basi akaambiwa TB hiyo, akaanzishiwa dawa, kameza miezi minne kikohozi kipo palepale na suruali zinamvuka. Mwishowe tukampakia basi Dar, akapigwa CT skani, wakamwingiza kamera mapafuni wakanyofoa kinyama, jibu likaja adenokasinoma, aina mojawapo ya kansa ya mapafu. Akapangiwa kemo kila baada ya wiki tatu. Miezi minne ya dawa za TB hairudi, na nikisema ukweli hiyo inanikera mpaka leo, maana doa kwenye mapafu huku kwetu ni TB mpaka lithibitishe vinginevyo.

Sasa tuna binamu mmoja, kijana wa chuo, kichwa kweli. Siku moja akapiga picha FBP ya mjomba akairusha kwenye grupu la familia WhatsApp. WBC (seli nyeupe zote) 9.8, NEU# (nyutrofili) 7.4, LYM# (limfosaiti) 1.2. Akaandika chini yake: 7.4 gawa kwa 1.2 ni 6.2, tafiti zinasema ikizidi 5 ni hali mbaya, tujiandae ni miezi mitatu.

Usiku ule shangazi alilia mpaka presha ikapanda tukamkimbiza yeye. Mjomba mdogo akaanza kuuliza kwa mbali mbali habari za ile minazi ya Pangani. Na mgonjwa mwenyewe yupo barazani anakunywa kahawa anauliza mbona leo simu zote zinalia.

Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi kabisa, nimeirudia mwenyewe. Shida ipo kwenye ile damu, ilichukuliwa siku gani na ndani yake kulikuwa na nini. Nakuja.

Kahawa Chungu:

Nimetandika jamvi. Usije ukakatia patamu kama wale jamaa wa itaendelea

Fundi Pampu:

Mkuu nyutrofili ndo nini kwanza, wengine baolojia yetu iliishia kwa mende na panzi

Mgosi wa Darubini:

Fundi haya. Seli nyeupe za damu zipo aina tano ila kwa uzi huu shika mbili. Nyutrofili ndo nyingi, chukulia kama mgambo wa soko: zinafika haraka, hazichagui, zinapiga zinamwaga sumu, na zenyewe hazidumu, masaa au siku chache zimekwisha. Limfosaiti ni chache zaidi na hazina haraka ila zinakumbuka sura. Humo ndo wapo seli T, na kuna kundi la seli T linaitwa CD8 ambalo likiitambua seli ya kansa linaisogelea, linaitoboa, inakufa.

Uvimbe wa kansa ukishakomaa unatoa kemikali zinazosafiri mpaka kwenye uboho wa mifupa kuagiza nyutrofili zaidi. Zikifika haziupigi, zinageuzwa kibarua: zinasaidia kuchimba mishipa mipya ya damu ya kuulisha, zinalegeza nyama jirani ili seli za kansa zipenye, halafu kuna hii iliyonishangaza mimi nilipoisoma mara ya kwanza, nyutrofili zinaweza kutema nyavu, nyavu kabisa, nyuzi za DNA, kazi yake halisi ni kunasa bakteria ila seli ya kansa inayosafiri kwenye damu nayo ikinaswa humo inapata pa kutia nanga. Juu ya hapo zinazibana hizo CD8 zisifanye kazi. Kwaiyo ukiona namba ya juu (nyutrofili) imepanda na ya chini (limfosaiti) imeshuka, mwili unakuonyesha kwamba mgambo kaajiriwa na mwizi na mpelelezi kapewa likizo.

Na siyo jambo la jana. Rudolf Virchow wa Ujerumani alizungumzia seli nyeupe kwenye vivimbe toka 1863. Huo uwiano kama hesabu ya haraka ulitolewa 2001 na daktari wa Slovakia anaitwa Zahorec, alikuwa anafuatilia wagonjwa mahututi. Baada ya hapo kila mtu mwenye kompyuta na mafaili ya zamani ya hospitali kaandika utafiti wake, maana data ipo bure, FBP kila mgonjwa anayo. Hilo nalo mlikumbuke, urahisi ndo umefanya tafiti ziwe nyingi.

Mbondei Mkavu:

Mimi nasema hivi hizi namba za wazungu ni biashara tu, bibi yangu kule Muheza alikuwa anaangalia ulimi na kucha anakwambia huyu hamalizi mwaka na hamalizi kweli

Kahawa Chungu:

Bibi yako alikuwa na data ndogo mkuu

Mwalimu wa Hesabu:

Mleta uzi tupe ukubwa wa huo uhusiano. "Kina uhusiano" ni maneno ya kisiasa.

Mgosi wa Darubini:

Mwalimu shikamoo, ndo naingia huko.

Kazi kubwa inayotajwa sana ni ya 2014, Templeton na wenzake, walikusanya tafiti 100 zenye wagonjwa 40,559 wa kansa za vivimbe mbalimbali, mapafu yakiwemo. Mpaka, yaani namba ya kutenganisha uwiano wa juu na wa chini, kila utafiti uliweka wake, na ukiipanga yote ule wa katikati ni 4. Wakakuta waliokuwa juu ya mpaka hatari yao ya kufa ni mara 1.81 ya waliokuwa chini.

Sasa hapo kwenye 1.81 ndo watu wengi wanaanguka. Haina maana asilimia 81 watakufa. Haina maana utaishi nusu ya muda wa mwenzio. Maana yake ukichukua makundi mawili makubwa ukayafuata siku hadi siku, katika wakati wowote ule kundi la juu linapoteza watu kwa kasi ya karibu mara mbili ya lile lingine. Ni kasi ya kundi. Ndani ya kundi la juu wapo wanaoishi miaka na ndani ya kundi la chini wapo wanaoondoka mwezi wa pili, makundi yanapishana katikati pakubwa tu. Ukiniletea karatasi ya mtu mmoja ukaniambia nikutajie mwezi, siwezi, na anayeweza anakudanganya.

Mwalimu wa Hesabu:

Marahaba. Safi, hapo umefundisha. Ila swali la pili: mgonjwa aliyechelewa, kansa imeshasambaa, si lazima uwiano utakuwa juu? Basi uwiano unapima hatua ya ugonjwa kwa mlango wa nyuma, hauna jipya.

Dokta wa Zamu:

Nijibu hilo, nipo zamu ila kumetulia. Ni kweli uvimbe mkubwa huja na uwiano mkubwa, lakini tafiti nyingi zimeweka hatua ya ugonjwa, umri na hali ya mgonjwa kwenye hesabu moja na uwiano bado ukabaki na uzito wake. Kwaiyo unabeba kitu cha ziada. Tunachobishana sisi ni kama kile cha ziada kinabadilisha matibabu. Kwa mgonjwa wangu wa kesho asubuhi, hapana, hakibadilishi. Naangalia aina ya kansa, imefika wapi, anatembea mwenyewe au anabebwa, ana kilo ngapi. Anayekuja anatembea na anayekuja kwenye kitanda ni watu wawili tofauti hata kama FBP zao ni pacha.

Na mleta uzi usisahau kuwaambia kwamba mpaka wenyewe haujatulia, mmoja anaweka 2.5, mwingine 3, mwingine 5, wengine wanautafuta humohumo kwenye data yao mpaka wapate unaopendeza.

Binamu Mtuhumiwa:

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu tu. Huyo binamu anayesemwa ni mimi

Kahawa Chungu:

Eeeh!! Sogeeni sogeeni

Binamu Mtuhumiwa:

Kwanza 5 sikuitunga, ipo kwenye tafiti kibao. Pili hiyo miezi mitatu nayo sikuitunga, kuna kitu kinaitwa LIPI, kilitoka 2018, ni wagonjwa wa kansa ya mapafu waliopewa zile dawa za kuamsha kinga, wakagawanywa makundi matatu na kundi baya la mwisho nusu yao walikuwa wameshafariki ndani ya miezi 3, la katikati miezi 10, zuri miezi 34. Braza wewe ndo hukusoma. Na nilisema tujiandae kwa nia njema maana katika familia yetu watu wanapenda kufichana mpaka siku ya msiba

Mgosi wa Darubini:

Karibu mdogo wangu, shangazi yako anakutafuta.

Nia najua ilikuwa njema. Na LIPI nimeisoma, tena naipenda kuliko NLR tupu, ngoja niielezee kwa wote ndo mtaona ulipoteleza.

LIPI inatumia vitu viwili. Kimoja ni uwiano wa aina nyingine kidogo: nyutrofili gawa kwa WBC iliyobaki baada ya kutoa nyutrofili. Kwa mjomba hiyo ni 7.4 gawa kwa 2.4, inatoka 3.1 hivi. Mpaka wao ni 3. Cha pili ni LDH, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli zikiharibika kwa wingi. Ukiwa na vyote viwili juu upo kundi baya, kimoja tu katikati, hakuna hata kimoja zuri. Mjomba LDH alikuwa hajapimwa kabisa! Wewe ukachukua kigezo kimoja tena kimevuka mpaka kwa unywele, ukampa adhabu ya vigezo viwili.

Halafu wale walikuwa wanapewa imyunotherapi, dawa za ule ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Nobel 2018 hiyohiyo, zinaondoa breki kwenye seli T. Hapo unaelewa kwa nini limfosaiti zina maana, dawa haipigani yenyewe, inawapigania askari waliopo, na kama hawapo inampigania nani? Mjomba yupo kwenye kemo ya kawaida. Kwenye utafiti uleule waliangalia na kundi la kemo tupu na LIPI haikuwatenganisha vizuri. Ingawa sitakuficha, mwaka 2019 watafiti wa mamlaka ya dawa ya Marekani walichanganya majaribio kadhaa wakakuta inabashiri hata kwa wa kemo. Kwaiyo mjadala upo, lakini "miezi mitatu" haikuwa namba ya mjomba.

Binamu Mtuhumiwa:

Hapo kwenye LDH nimekupata. Ila bado 6.2 ni 6.2

Mgosi wa Darubini:

Sasa ndo nafika kwenye kile kilichonikosesha usingizi. Nilimuuliza mjomba ile damu ilitolewa lini. Akasema siku ya pili baada ya kemo ya kwanza, alikuwa na homa kidogo akaenda kupima hapahapa. Nikauliza ulichomwa sindano gani kule Dar kabla ya kemo. Hakumbuki, ila karatasi anayo kwenye rambo lake. Nikakuta deksamethasoni.

Deksa ni steroidi. Steroidi ukichoma leo, nyutrofili zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa zinabanduka zinaingia mtoni, na uboho unatoa nyingine, wakati huohuo limfosaiti zinahama kwenye damu. Ndani ya masaa tu. Juu inapanda chini inashuka, uwiano unaruka bila kansa kugusa chochote. Na ana homa, kwaiyo huenda na maambukizi ya kifua, bakteria nao wanafanya vilevile. Ile 6.2 ilikuwa picha ya deksa na homa.

Nikasubiri wiki tatu, kabla ya kemo ya pili nikampima mwenyewe, mashine yangu, mikono yangu. WBC 7.1, NEU# 4.5, LYM# 1.7. Uwiano 2.6. Nikarusha kwenye grupu kwa mbwembwe, shangazi akapiga vigelegele, mjomba mdogo akaacha habari za minazi.

Dokta wa Zamu:

Mkuu samahani nikutie maji. Hiyo ya pili nayo siyo safi. Kemo inapiga uboho, nyutrofili zinashuka siku ya saba mpaka ya kumi na nne hivi halafu zinapanda tena, kwenye wiki ya tatu zinaweza kuwa hazijarudi zilipokuwa au zimepitiliza. Tafiti zote mlizotaja zinatumia damu ya KABLA ya matibabu. Wewe umefanya kosa lilelile la binamu yako ila kwa upande unaokufurahisha.

Kahawa Chungu:

Kimenuka

Binamu Mtuhumiwa:

Asante dokta. Asante sana. Shangazi na asome

Mgosi wa Darubini:

Dokta hapo umenipata, na uzuri nililigundua mwenyewe ila baada ya siku kumi, vigelegele vimeshapigwa, unaanzia wapi kuvirudisha.

Nikarudi kwenye rambo. Mle ndani kuna kila kitu, kadi ya zahanati ya zamani, risiti za nyavu, cheti cha ubatizo wa mtu simjui. Chini kabisa nikakuta FBP ya wakati ule wa dawa za TB, kabla ya kemo, kabla ya deksa, hana homa. WBC 8.3, NEU# 5.6, LYM# 1.6. Uwiano 3.5. Ule wa LIPI unatoka 2.1.

3.5. Yaani katikati ya njia. Kwa mpaka wa huyu yupo juu, kwa mpaka wa yule yupo chini. Tumelia na tumepiga vigelegele kwa namba mbili chafu, na ile safi wala haina habari ya kumpelekea mtu usiku. Na hata hiyo safi ni safi kiasi, mtu ana kikohozi cha miezi na mimeng'enyo ya tumbo imevurugika na vidonge vya TB.

Fundi Pampu:

Kwaiyo vitu gani vinaharibu hiyo namba, ili mtu ajue

Mgosi wa Darubini:

Steroidi zote, pamoja na zile prednisolone watu wanameza kama pipi kwa ajili ya pumu na mzio. Maambukizi ya bakteria. Malaria, na hapa Tanga hiyo huwezi kuiruka, malaria kali inashusha limfosaiti kwenye damu. VVU vinashusha limfosaiti kwa kazi yake. Upasuaji wa karibuni. Sindano za kupandisha seli nyeupe baada ya kemo. Sigara yenyewe inapandisha kidogo. Na kichupa kilichokaa kwenye joto nusu siku kikisubiri mashine itengemae, hiyo nasema kimoyomoyo.

Ila kuna kubwa kuliko zote na haisemwi. Waafrika wengi wa huku kwetu nyutrofili zetu kwa asili ni chache kuliko za Mzungu, tukiwa wazima kabisa. Sababu ipo kwenye kitu kinaitwa Duffy, ni kama mlango kwenye seli nyekundu ambao ile malaria ya aina ya vivax huutumia kuingilia. Karibu wote huku hatuna huo mlango, ndo maana vivax haituwezi sana, na pamoja na kukosa huo mlango nyutrofili kwenye damu zinakuwa chache. Siyo ugonjwa, ndo tulivyo. Marekani walipima watu wa kawaida wa nchi nzima wakatoa matokeo 2014: wastani wa uwiano kwa weupe 2.24, kwa weusi 1.76.

Sasa fikiria. Mpaka wa 5 au 4 umetoka zaidi kwenye tafiti za nje ya Afrika. Mtu wa Pongwe anayeanzia 1.5 akiwa mzima, akifika 3.5 amepanda zaidi ya mara mbili, wakati Mzungu anayeanzia 2.24 akifika 3.5 kapanda kama mara moja na nusu tu. Kwaiyo inawezekana ile 3.5 ya mjomba siyo ya katikati kama nilivyosema. Inawezekana ni ya juu. Hili nililiona wiki iliyopita na sijaliandika kwenye grupu la familia. Naliandika hapa.

Dokta wa Zamu:

Hiyo pointi ya Duffy ina afya. Na ni sababu ya mimi kutaka tafiti za huku, tena si ngumu, mafaili yapo. Hata onyo la "nyutrofili ziko chini" ambalo mashine inapiga kwa mtu mzima wa huku mara nyingi ni kwa sababu kiwango kilichowekwa ndani ya mashine kimetoka kwingine. Nimeshaona mgonjwa kaahirishiwa kemo kwa hiyo.

Binamu Mtuhumiwa:

Braza hiyo ya mwisho kwa nini hukuniambia

Mgosi wa Darubini:

Nimekwambia sasa. Nipigie usiku.

Mbondei Mkavu:

Mimi bado nasimama na bibi ila hii ya mlango wa malaria imenikalia vizuri

mama_Zuu:

Jamani samahani kuingilia, nipo Mabawa. Mama yangu kagundulika kansa ya mapafu mwezi uliopita hajaanza dawa. Nimesoma uzi wote nikachukua karatasi yake lakini haina NEU, ina GRAN 72, MID 10, LYM 18, zote asilimia. Nimegawa 72 kwa 18 nimepata 4. Je ndo hiyo? Mama ana pumu pia

Mgosi wa Darubini:

Pole sana dada. Karatasi yako imetoka kwenye mashine ya makapu matatu, yaani inagawa seli nyeupe makundi matatu tu, ndo nyingi mtaani, hata pale tulipo tulikuwa nayo mpaka juzijuzi. GRAN siyo NEU. Ni kapu la seli zenye punje punje, nyutrofili ndo nyingi humo lakini kuna na iosinofili, zile zinazopanda mtu akiwa na minyoo au mzio au pumu, na hizi kulingana na mashine zinaweza kuangukia GRAN au MID, kapu la mchanganyiko wa seli zilizobaki. Tanga ya minyoo na matende, na mama ana pumu, kwaiyo kapu la GRAN linaweza kuwa limejazwa na watu wasiohusika. Ukitaka nyutrofili zenyewe omba wapake damu kwenye kioo waihesabu kwa darubini, mtu anakaa anahesabu seli mia moja kwa macho. Ya kizamani ila hapo inasaidia.

Asilimia gawa kwa asilimia inatoa jibu lilelile na namba kamili, hapo usiogope, ulivyogawa ni sawa.

Swali langu: kwa pumu anatumia nini?

mama_Zuu:

Kuna pampu ya kuvuta na kuna vidonge alipewa siku tano vidogo vyeupe anasema vichungu. Karatasi ni ya siku ya tatu ya hivyo vidonge

Dokta wa Zamu:

Prednisolone hiyo karibu kwa hakika. Hiyo 4 iweke pembeni, dada, usiitumie kwa lolote. Vidonge asiviache lakini, kama kaandikiwa siku tano amalize. Mama anatembea? Anakula?

mama_Zuu:

Anatembea dokta, jana alienda mwenyewe sokoni akarudi na dagaa akanigombeza bei. Kupanda ngazi ndo anahema

Dokta wa Zamu:

Basi hiyo uliyoandika hapo ina uzito kwangu kuliko karatasi. Mwambie daktari wake hivyohivyo, pamoja na dagaa.

Mgosi wa Darubini:

Na wakikutuma LDH nayo, damu isitikiswe. Usiipakie kichupa kwenye bodaboda kwa barabara zetu hizi kikarukaruka, seli nyekundu zikipasuka LDH inapanda yenyewe, na hapo utaambiwa kundi baya kumbe kundi la mashimo.

Kahawa Chungu:

Mgosi mjomba yuko je sasa

Mgosi wa Darubini:

Yupo. Mwezi wa kumi na moja toka kemo ya kwanza. Nguvu za kuvuta wavu hana, bamvua ikifika anashuka pwani anakaa kwenye mtumbwi wa mtu anasema wanavyokosea. Namba zote tatu nilimwambia, nikamwambia na habari ya Duffy. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kwenye rambo nilikuta risiti ya nanga maana kuna mtu anamdai.

mama_Zuu:

Nimepekua kabati la mama nimekuta FBP mbili nyingine za nyuma, moja ya mwaka jana kabla ya vidonge alikuwa kaenda kwa ajili ya presha tu. Nizipeleke zote?

Mgosi wa Darubini:

Zote. Kila moja andika pembeni kwa peni: tarehe, alikuwa anaumwa nini siku hiyo, alikuwa anameza nini. Hiyo ya mwaka jana ndo dhahabu, ndo kianzio chake mwenyewe, huhitaji wastani wa Mmarekani.

mama_Zuu:

Nimeandika. Hiyo ya mwaka jana nimeiweka juu.